Mita Hamsini Mbele ya Choo cha Mama Mkwe

Nimekaa na aibu hii muda mrefu nikijua kwamba wengine wanaisimulia kwa niaba yangu, na wanaisimulia vibaya. Kila Ijumaa tukikutana kwangu Muaither, hapa Doha, kula nyama, lazima atokee mmoja mwenye soda mkononi aseme, "Wafula, hebu tupe ile ya Austria," halafu kabla sijafungua mdomo anaanza yeye, na anaongeza chumvi: mara nilikuwa kifua wazi, mara nilitiwa pingu, mara mama mkwe alinizaba kofi mbele ya polisi. Sikuwa kifua wazi. Nilikuwa nimevaa koti, tena koti zito kuliko la mtu yeyote katika nchi ile siku hiyo. Basi leo naandika mwenyewe, kwa mkono huu wa mtu aliyeishia darasa la nane, maana yale yaliyotokea yanatosha kabisa, hayahitaji msaada wa mtu.

Kwanza mnijue. Nilikuja Doha kama soja, mlinzi wa mlangoni, nikasimamishwa kwenye mnara mmoja wa West Bay kuwafungulia mlango watu ambao hawakuwahi kunitazama usoni. Leseni nilipata baada ya kuanguka mtihani mara tatu (waulizeni waliofaulu mara ya kwanza kama wana basi hata moja leo), nikaendesha basi la shule, nikaendesha basi la wafanyakazi kwenda Lusail wakati Lusail ilikuwa mchanga na kreni tu, halafu kafili wangu, yule Mqatari ambaye jina lake ndilo liko kwenye karatasi za kazi yangu, akaniamini na Coaster moja kuukuu, basi dogo la abiria. Leo ziko tisa, zote na eisii inayopuliza baridi kweli. Wenye digrii wananiletea barua za kuomba kazi, nami nazisoma polepole, sina haraka.

Sasa, katika mafanikio haya yote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hajawahi kunisifu hata kwa neno moja. Mama Rispa, mama mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa kilemba kilichonyooka na miwani ya kamba. Siku ya mahari, mimi nimekaa na wazee wangu kwenye viti vya kuazima, alisema kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya paredi ya asubuhi, "Nimeuliza tu swali dogo. Huyu wa darasa la nane atampeleka wapi binti yangu?" Miaka kumi na saba nimebeba lile swali. Nimempeleka mke wangu Everlyne Doha, akawa nesi kwenye kliniki nzuri, tukamzaa Sharon, tukajenga kule nyumbani nyumba ya vigae, na Mama Rispa bado, kimya.

Mnisamehe nieleze jambo la kwetu kwa wale ambao si wa magharibi ya Kenya. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima ya mbali. Humshiki mkono, huli naye meza moja, hulali naye chini ya paa moja, na mambo ya chumbani na chooni, hayo hata kuyafikiria ni makosa. Mkikutana njiani mmoja anapinda. Mkiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Ndivyo tulivyolelewa na mimi sioni ubaya wake. Shida ni kwamba waliotunga desturi hii hawakujua kama siku moja kutakuwa na kampavan.

Kampavan ni gari lenye nyumba mgongoni: kitanda, jiko, sinki, meza, na choo kilicho karibu na dereva kama vile konda alivyo karibu na mlango. Kafili wangu alikuwa amerudi kutoka Ulaya na familia yake akanionyesha kwenye simu: wamepaki kando ya ziwa, watoto wanakula mayai, milima nyuma kama kalenda. Nikasema moyoni, huyu anaendeshewa gari Doha nzima halafu kule ameendesha mwenyewe, mimi ninayewaendesha watu nitashindwa? Nikaamua. Mama Rispa atakuja Doha kututembelea, mimi nitalala kwa madereva wangu, halafu tutaruka pamoja mpaka Munich, nitakodi hilo gari, na nitampitisha Ujerumani, Austria na Italia kwa mikono yangu hii. Atapata jibu la swali lake nchi kwa nchi.

"Hoteli na treni, Baba Sharon," Everlyne aliniambia. "Mama ni mtu mzima. Na nyinyi wawili mtakaaje humo ndani?"

"Nimefikiria kila kitu," nikasema. Na nilikuwa nimefikiria! Nilinunua hema. Wanawake watalala garini, mimi nje kama askari, kazi niliyowahi kuifanya. Wakati wa safari tutatundika leso kati ya dereva na nyumba, mama atakaa nyuma kabisa, hatutaonana. Nikanunua na koti la baridi, lile la manyoya kwenye kofia, kwa sababu nilijua Ulaya kuna theluji. Ilikuwa Julai. Hakuna aliyenikumbusha kwamba Julai huko ni joto.

Tukafika Munich. Kwenye ofisi ya kukodi akatoka msichana mwenye faili nene akasema tutachukua saa nzima anifundishe gari: maji safi yanaingia wapi, machafu yanatoka wapi, gesi, umeme, pampu, choo. Saa nzima! Mimi, ambaye nimegeuza Coaster kwenye uchochoro wa Sanaiya, kule kwenye magereji na viwanda vya Doha, na lori la maji linakuja mbele na lingine nyuma. Nikamwinulia mkono. "Khalas, madam. Mimi dereva. Doha. Mabasi tisa." Nikamwonyesha vidole tisa.

"Baba Sharon, tusikilize," Everlyne akasema.

"Sikiliza wewe kama hujui gari."

Msichana akauliza kama kuna dereva wa pili wa kuandikwa kwenye mkataba. Everlyne ana leseni ya Qatar, kila siku anaendesha kigari chake mpaka kliniki, na alikuwa tayari ameitoa kwenye mkoba. Nikamwambia msichana, "Andika mimi peke yangu." Everlyne akairudisha leseni mkobani taratibu, akaniangalia vile anavyomwangalia mgonjwa aliyekataa dawa. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, ingawa jua lilikuwa linawaka na mimi nilikuwa nimefurahi sana. Nikapanda, nikaona juu ya mlango kuna kibao chenye swichi na vitaa vya kijani, nikavizima vyote kuokoa betri. Mtu aliyefika nilipofika hafiki kwa kuacha taa zinawaka bure.

Hatujamaliza nusu saa barabarani, sauti ikatoka nyuma ya leso.

"Everlyne, mwulize Baba Sharon: hiki choo, vitu vinaenda wapi?"

Everlyne, aliyekaa kando yangu, akajibu yeye, maana alikuwa amesoma karatasi. "Vinaingia kwenye sanduku, Mama. Liko chini."

"Na sanduku likijaa?"

"Linavutwa kwa nje, lina magurudumu, linapelekwa kumwagwa kwenye kambi ya magari haya."

"Na nani?"

Nikaliangalia lori lililokuwa mbele yangu kama sijawahi kuona lori. Everlyne akasema kwa sauti ndogo, "Na... dereva."

Jamani. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, paa, kitanda, meza, na kumbe kwenye mpango wangu wote mkwe ndiye aliyepangiwa kubeba sanduku la mama mkwe mchana kweupe mbele za Wazungu! Nyuma ya leso Mama Rispa akatoa hukumu kama anafunga shule. "Mwambie Baba Sharon mimi humu sitaenda. Popote penye choo cha kujengwa, asimame."

Basi ikawa hivyo. Kila kituo cha mafuta, simama. Kila mkahawa wenye picha ya kikombe, simama. "Everlyne, mwambie asimame." Nimesimama. "Everlyne, mwambie hiki kilikuwa kichafu, aende mbele kidogo asimame kingine." Nimesimama. Nimetoka Munich asubuhi na malori yale yale yananipita, nayapita, yananipita, mpaka dereva mmoja wa lori akaanza kunipungia mkono kama ndugu. Sharon, binti yangu wa miaka kumi na tano, yuko na vidude masikioni, anacheka na simu yake. Mwanamke wa kwenye ramani ya simu ananiambia geuka. Everlyne anasoma karatasi za gari kwa mara ya tatu. Na mimi nina koti, maana nimesema ni baridi, sasa nitalivua vipi?

Mchana tukawa Austria, tunakaribia handaki refu linalopita chini ya mlima, na hapo magari yakasimama. Foleni. Nikasema ni kitu kidogo. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Watu wakazima injini, wakatoka nje, wakafungua viti vya turubai, mzee mmoja akaanza kumenya tofaa. Na kitu cha ajabu: hawa watu walikuwa wamepanga magari kulia na kushoto wakaacha njia nzima tupu katikati. Njia tupu! Doha ile ingejaa Land Cruiser kabla hujapepesa macho. Nikataka kuingia mimi, Everlyne akaniambia, "Ukithubutu." Nikaacha. Baadaye nilijua ni njia ya ambulensi na polisi.

Saa ya pili ikakaribia kwisha. Leso ikatikisika.

"Everlyne."

"Mama."

"Everlyne, hapa hakuna choo cha kujengwa."

"Hakuna, Mama."

Mwanamke wa miaka sitini na nane, asubuhi amekunywa chai vikombe viwili vya Kenya, na mbele yake kilomita za magari yaliyolala. Nilimwonea huruma, nasema kweli, na nikajionea huruma zaidi, kwa sababu niliwaza picha atakayoipeleka kwa kina mama wa kanisa, ambao kila jioni alikuwa anawatumia sauti kwenye simu kuwaeleza safari.

"Everlyne," akasema mwishowe, na sauti ya paredi ilikuwa imeisha yote. "Nitatumia hiki. Lakini mwambie Baba Sharon atoke. Atoke aende mbali. Asisimame hapo mlangoni kama mlinzi."

Nilitoka haraka kuliko moto. Nikamwambia Everlyne kwa dirishani, "Mimi naenda kule mbele, barabara inapoanza kukunja, na nitawapa mgongo. Akimaliza, piga honi mara mbili, kama tunavyoita karak." (Kwa wasiojua Doha: kwetu hushuki garini kununua chai. Unasimama mbele ya kafeteria, unapiga honi, chai ya maziwa inakuja dirishani. Nimeishi hivyo miaka mingi, honi mbili kwangu ni lugha kamili.) Nikahesabu hatua. Hamsini. Nikasimama kando ya ile njia tupu, mikono nyuma, koti mpaka magotini, mgongo kwa gari, uso kwa mlima. Yule mzee wa tofaa akanipa kipande. Nikakataa, hiyo haikuwa saa ya kula.

Na ndipo foleni ikafunguka.

Mniamini, saa mbili nzima foleni haikusogea hata kucha, halafu mimi nimetoka dakika nne. Nikaona mbele kabisa taa nyekundu zinazimika moja moja, milango inapigwa pa! pa! pa!, viti vinakunjwa, mzee amerusha tofaa akaruka garini. Magari ya mbele yakaondoka. Yaliyokuwa kati yangu na kampavan yakanipita yakaondoka. Nikabaki mimi, peke yangu, kwenye barabara kuu ya Austria iliyokuwa tupu kabisa mbele kama uwanja wa ndege, na nyuma yangu, hatua hamsini, nyumba nyeupe ya magurudumu isiyo na dereva, imeziba pale njia zinapoungana kuwa moja, na nyuma ya nyumba hiyo, nadhani Ulaya yote.

Honi zikaanza.

Pi-pi. Nikageuka, nikajua ni Everlyne, nikapiga hatua tatu za kukimbia. Everlyne akatoa kichwa dirishani akapaza sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo hata siku ya kujifungua: "BADO! GEUKA!"

Nikageuka nikaupa mlima uso. Pi-pi-piii. Hiyo ilikuwa ni yake? Si yake. Pi-pi. Na hiyo? Magari mia yanapiga honi mbili mbili, nitajuaje chai yangu ni ipi? Nikabaki nimesimama. Na kwa nini Mama Rispa asimalize? (Hili nilikuja kulijua baadaye. Alikuwa amemaliza zamani. Alikuwa anabonyeza kitufe cha maji na maji hayatoki, kwa sababu pampu ilikuwa imezimwa, kwa sababu kuna mtu aliyezima swichi zote kuokoa betri, kwa sababu mtu huyo alikataa kusikiliza kwa saa moja. Na Mama Rispa hatoki chooni akaacha choo hivyo, hata kama ndani ya handaki kuna treni inakuja.)

Katikati, kwenye ile njia tupu, ikaja pikipiki ya polisi. Kijana, nyusi za manjano, miwani. Akasimama mbele yangu, akaniangalia kutoka manyoya ya kofia mpaka viatu. Joto lilikuwa la kuvaa fulana. Akaniuliza kwa Kiingereza kama lile gari ni langu.

Kiingereza changu mimi ni cha mlangoni: karibu bwana, lifti iko kulia. Nikamwambia ndiyo, gari langu.

"Ingia uliondoe."

"Haiwezekani, bwana."

"Limeharibika?"

"Gari zima kabisa, bwana. Nzuri sana."

"Kwa hiyo?"

Nikavuta pumzi. "Mama wa mke wangu yuko chooni."

Akangoja niendelee. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sababu iliyokamilika, ukiisema kwetu hata chifu atasimamisha mkutano. Yeye akavua miwani.

"Na wewe huwezi kuendesha mama wa mkeo akiwa chooni?"

"Hata kusogea karibu siwezi, bwana. Ni heshima."

Akageuza pikipiki akaenda mpaka dirishani kwa Everlyne, na mimi nikabaki pale pale maana hakuna aliyenipa honi zangu mbili. Nilisikia vipande. Nilimsikia akiuliza nani mwingine anaweza kuendesha, nikamsikia Everlyne akisema mimi, na nilijua bila kugeuka kwamba ametoa leseni mkobani. Nikamsikia anaomba mkataba. Kisha polisi akasema pole pole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, "Hapa kuna jina moja tu."

Everlyne akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia mimi hatua hamsini. "Ndiyo. La mwenye mabasi tisa."

Sharon ndiye aliyemwambia polisi tatizo la maji, watoto wa siku hizi hawana haya. Na huyu polisi, kumbe wazazi wake wana gari kama hili hili! Akasogea kando ya kidirisha cha choo, akakohoa kwa adabu, akaanza kutoa maelekezo, na binti yangu anamtafsiria nyanya yake kwa sauti ya kushinda honi za nchi nzima:

"Kukhu! Anasema tulia! Tunawasha pampu huku mlangoni! Sasa bonyeza! Umebonyeza? Anasema sasa kuna mkono chini kushoto, uvute! Uvute wote, Kukhu!"

Maji yakasikika. Nawaambia, yalisikika mpaka kwangu. Magari ya nyuma ya karibu, waliokuwa wameshuka kuja kuona, wakapiga makofi. Mwanamume mmoja akapiga mluzi. Simu zilikuwa juu kama kwenye harusi.

Mimi bado natazama mlima, jasho linatiririka ndani ya koti mpaka kwenye soksi, nangoja honi zangu mbili. Hazikuja. Nikasikia viatu, ko-ko-ko, viatu vya kanisani, juu ya lami. Nikajua. Nikazidi kutazama mlima. Kisha mkono ukanishika, mkono mdogo mkavu wa kushika chaki miaka thelathini na tano, ukakamata mkono wa koti langu juu ya kiwiko, na Mama Rispa, ambaye kwa miaka kumi na saba hajawahi kunigusa wala kuniita moja kwa moja, akasema sikioni kwangu:

"Baba Sharon. Endesha gari."

Akanivuta hatua zote hamsini hivyo, mbele ya polisi na simu zile zote, kama mtoto aliyekamatwa nje ya ua wa shule. Akanifungulia mlango wa dereva. Akaingia nyuma akafunga leso. Nikaendesha. Ndani ya handaki mwanamke wa ramani akasema tuendelee moja kwa moja.

Hatujatoka upande wa pili, simu yangu ikaita. Ni Musa, Mganda anayenisimamia madereva kule Doha. "Bosi, uko steji gani? Tukutumie Coaster?" Sharon alikuwa amemtumia binamu yake video, binamu akatuma kwenye kundi la Wakenya wa Qatar, na kwenye kundi mtu alikuwa ameshanipa jina jipya, Mita Hamsini, ambalo ninalo mpaka leo. Kafili wangu naye aliiona. Alinitumia vichwa vinne vya kucheka na hakuandika kitu.

Jioni ile, kambini, nilipokuwa nasimamisha hema, niliona Everlyne na mama yake wanapita na lile sanduku, kila mmoja ameshika upande wake, kilemba kimenyooka, kama wanapeleka sadaka mbele. Nikajificha ndani ya hema mpaka waliporudi. Italia niliiona, nadhani. Kuna maji na mikate. Sikuwa na moyo wa kuangalia, nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, yale atakayowaambia kina mama wa kanisa, na yeye tangu siku ile hakutuma sauti hata moja.

Tukarudi Doha. Siku mbili kabla ya kusafiri kwake, Everlyne akaniita sebuleni nikakuta blanketi jipya limekunjwa juu ya kiti, akanipa nilishike. "Mama amekushika mkono," akasema. "Haiwezi kuachwa hivi hivi. Unampa blanketi, anakupa kuku, mnafungua meza, kuanzia hapo mnaruhusiwa kula pamoja. Ndivyo inavyofanywa." Nilijua ndivyo inavyofanywa. Lakini kuku hai, Muaither, utamtoa wapi? Mama Rispa akatoka chumbani, miwani puani, na mikononi kwa heshima zote amebeba kuku wa Brazil aliyeganda kama jiwe, bado na plastiki, anadondosha maji kwenye zulia langu. Nikampa blanketi. Akanipa kuku. Vidole vikanifa ganzi. Sharon alitaka kupiga picha, safari hii nikamkatalia mimi.

Kuku akapikwa, tukaketi meza moja, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ugali ukamegwa. Mama Rispa akanawa, akafuta mikono kidole kwa kidole, akanitazama.

"Sasa niseme," akasema. "Kwanza, uligeuka mara moja. Nilikuona kwa kidirisha."

"Ni honi, Mama."

"Nimesema nilikuona. Pili, siku ya mahari niliuliza swali. Utampeleka wapi binti yangu." Akaniinulia kidole. "Nimejibiwa. Hukujua ni wapi. Gari hukulijua, koti hukulijua, choo hukukijua. Lakini polisi amekuhoji, dunia yote imekupigia honi, na ulisimama pale kwa ajili yangu mpaka nikuondoe mwenyewe. Wenye vyeti wengi wangeingia."

Halafu akaanza kugeuza nyama kwenye bakuli kwa kijiko, anatafuta kitu. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na kuku wa Brazil haji na yake. Akatafuta tena. Akaita, "Sharon! Ile pakiti niliyokutuma supamaketi iko wapi?" Sharon akaleta sahani kutoka jikoni, firigisi zimekaangwa, kama kumi hivi, na Mama Rispa akachagua iliyo kubwa kuliko zote akaniwekea juu ya ugali, yeye mwenyewe, kwa mkono ule ule.

Niliila polepole sana. Everlyne alikuwa anatazama dirishani, mabega yanacheka.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi wa Ijumaa. Mkitaka kusimulia, simulieni na hiyo. Na mimi naapa mbele yenu: gari lenye choo na mama mkwe ndani yake sitakodi tena hata nipewe bure, msichana mwenye faili akisema saa moja nitakaa saa mbili, na safari yoyote kuanzia sasa jina la Everlyne litaandikwa kabla ya langu. Koti linauzwa. Limevaliwa siku moja.